Mahari na Raundi ya Kumi

Mdogo wangu aliacha kubetia soka baada ya timu yake kumvunja moyo mara nyingi mno, akahamia besiboli, mchezo ambao hakuwahi kuuona uwanjani maisha yake yote. Pale nyumbani Tangini tulimcheka mpaka tukachoka. Mama alitaka kujua kama hata mpira wenyewe ni wa duara.

Yeye alikuwa na maelezo yake. Alisema kila timu ina mrushaji wa mpira, na ukishawajua warushaji wawili wa siku hiyo, mshindi unamwona mapema. Ukiogopa kuchagua mshindi, unacheza jumla: unakisia kama mikimbio ya timu zote mbili, ndiyo pointi zao, ikijumlishwa itazidi namba iliyowekwa na kampuni ya kubeti au itakuwa chini yake. Na kubwa kuliko yote, besiboli haina sare. Sare ndizo zilizomchania mikeka yake ya kubeti kwenye soka, alisema, kwa hiyo sasa amepona. Nilimwambia aliyepona huwa anaacha dawa.

Basi ikafika siku ya kupeleka mahari Kisarawe. Mchumba wake alikuwa fundi wa nguo, binti mtaratibu, na alitaja mwenyewe anachotaka: cherehani mpya na fedha kidogo. Fedha zote mdogo wangu alikuwa amezikusanya kwenye simu yake, kwa kazi yake ya kutengeneza simu za watu hapo Maili Moja. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, hakutaka kubeba fedha taslimu garini. Tulikubaliana tutazitoa kwa wakala tukifika, cherehani tuinunue hukohuko, halafu ndiyo twende ukweni.

Tuliondoka asubuhi. Baba mdogo aliendesha, shangazi alikaa mbele, mimi na bwana harusi nyuma. Kwetu muoaji haingii ndani siku ya mahari, lakini baba mdogo alitaka awe karibu kwa ajili ya mambo ya simu. Tulipokata njia ya Kiluvya nikamwona mdogo wangu anaitazama simu bila kupepesa. Nikachungulia. Ilikuwa besiboli.

Nilimwuliza kwa sauti ndogo ameweka nini. Akaifunika simu kwa kiganja. Nikauliza tena, nikimfinya paja, akajibu kwamba ameweka zaidi ya nusu ya mahari. Alitaka aongeze kabati na makochi, bibi harusi asiingie kwenye chumba kitupu. Mchezo ulianza Marekani huko wakati sisi tunaamka, na yeye alicheza jumla, chini ya nane na nusu. Warushaji wote wawili walikuwa wakali. Mikimbio haiwezi kuwa mingi, alisema, kana kwamba ananituliza mimi.

Nilitaka kupiga kelele gari lisimame, lakini shangazi alikuwa anasimulia harusi yake mwenyewe, amefurahi, na nikajiambia huenda hela ikapona. Nikawa na mimi natazama. Raundi ya nane iliisha nne kwa tatu. Saba jumla. Mimi, niliyekuwa nikimcheka, nikajikuta namwomba Mungu wanaume nisiowajua wa nchi nisiyoijua wakose kuupiga mpira.

Kisha mtandao ukakatika. Barabara ile ina mahali simu inakuwa kipande cha kioo tu. Tulipita mashamba ya mihogo na mikorosho, yeye ameinyanyua simu hadi kwenye dirisha. Uliporudi, raundi ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, ilikuwa imekwisha. Alinishika mkono akaubana.

"Dada, imetiki. Nne kwa nne. Jumla nane."

Nilimpiga begani kwa furaha. Halafu nikauliza, kwa kutaka kuelewa tu, "Kwa hiyo wametoka sare?"

Aliuachia mkono wangu. Akaisogeza simu karibu na macho. Kwenye soka mkeka unafungwa dakika ya tisini, nyongeza haihesabiwi, na kwa miaka yote hiyo ndivyo kichwa chake kilivyozoea. Lakini huu haukuwa soka. Wangeendelea mpaka mmoja amzidi mwenzake, na yeyote atakayemzidi mwenzake lazima aifikishe jumla tisa. Ile nane aliyoifurahia ndiyo iliyomwua. Tulikaa tukaitazama raundi ya kumi kama watu wanaosubiri daktari atoke. Mkimbio mmoja ukaingia, mkeka ukageuka mwekundu.

Kwa wakala mdogo wangu alisema mtandao unasumbua. Baba mdogo akasema atasubiri. Mdogo wangu akasema tena, labda ni simu. Nikaona tutasimama pale hadi jioni, nikamwambia baba mdogo hela imechezwa. Hakumgombeza. Alivua kofia, akaifuta jasho, akaivaa tena, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Aliagiza kilichobaki kitolewe, akaongeza cha mfukoni mwake. Fedha hazikufika bei ya cherehani. Shangazi akasema watu wametusubiri na chakula kimeshapikwa, hatuwezi kugeuka. Tukaenda, mdogo wangu akabaki garini.

Baba mdogo alikaa na wanaume sebuleni, akaomba mahari iliyobaki waipokee baadaye. Sisi wanawake tulikuwa chumbani na bibi harusi, na kila neno lilipita kwenye pazia. Mama yake alisema hilo si neno, mahari hata kidogokidogo hutolewa. Bibi harusi hakumjibu mama yake. Alinigeukia mimi.

"Wifi, haikutimia, au ilitimia ikapungua?"

Shangazi alinikanyaga kidole cha mguu. Nilijua maana yake. Lakini yule binti alikuwa ananitazama usoni, na mimi ndiye niliyekuwa nimwite wifi siku zote zilizobaki. Nikamwambia ilikuwa imetimia. Nikamwambia na ilikokwenda.

Alikunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

"Angekuja na nusu kwa sababu ana nusu, ningepokea," alisema. "Hii ilikuwa yangu, akaiwekea dau kabla sijaishika. Nikishakuwa wake, ataweka dau nini?"

Mama yake alitoka kwenda kumnong'oneza mumewe, na fedha zetu zikarudishwa zikiwa kwenye kitambaa kilekile tulichozifungia. Walitupa chakula kwa heshima zote. Nilikula pilau lile nikitazama sahani tu.

Nilitangulia kutoka, nikitafuta namna ya kumwambia mdogo wangu. Nilimpenda yule binti, na mdogo wangu nilimpenda zaidi, na njia nzima hadi kwenye gari nilikuwa nachagua maneno ambayo hayatamvunja. Nilifungua mlango. Hakuuliza wamesemaje. Alininyooshea kiganja, macho yakiwa kwenye simu.

"Dada, ngoja kidogo. Hii ya Japani iko raundi ya sita."