Bikoni Mbili za Kisiwa cha Mchanga

Miaka ile wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole, kule Ngara, niliambiwa sokoni Kanazi kwamba nchi imeinama. Watu wamezidi upande wa Ngara, walisema, kwa hiyo ardhi imelala kama mtumbwi uliokaliwa upande mmoja, na ziwa lote linateremka kuja kwetu. Nilisadiki. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, na mwenye cheti hasadiki nusunusu.

Siku yangu ya kwanza kazini, Biharamulo, Bwana Mpima wa Wilaya alinikabidhi mkanda wa kupimia mrefu kuliko ukoo wangu. Wilaya wakati huo ilifika mpaka ziwani, na sehemu yangu ilikuwa kisiwa kimoja cha mchanga. Kila masika yakiisha nipime kutoka bikoni, ile nguzo ya zege ya wapimaji, hadi ukingo wa maji, ili baada ya miaka mingi ijulikane ufukwe unakwendaje.

"Mkanda hauna maoni," alinionya. "Andika ulichosoma, basi."

Bikoni zilikuwa mbili: moja magharibi, mitumbwi inapotia nanga, na nyingine mashariki, nyuma ya matete. Matete yale yalikuwa na mbu wakubwa kama kanga wa porini, kwa hiyo miaka mitatu nilipima magharibi tu. Ya mashariki ya nini? Nchi ikiinama, inainama yote.

Magharibi maji yalisogea kila mwaka, mpaka yakaanza kuilamba bikoni yenyewe. Nikaandika: kisiwa kinazama. Chini nikaongeza kwa hati nzuri: sababu, uzito wa Lukole.

Bwana Mpima aliufuta mstari wa mwisho kwa wino mwekundu. Mengine aliyaamini. Ikatoka barua: familia tisa za kisiwani zihame kabla ya mvua. Nikapewa mimi niipeleke.

Aliyenipokea alikuwa Mama Kabula, muuza dagaa, ambaye wenzake walimwachia maneno yote ya serikali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Mkanda. Umekuja kutufukuza?"

"Kisiwa kinazama, mama."

"Nani kakwambia?"

"Nimepima."

"Wapi?"

Nikaonyesha magharibi. Alishika ncha ya mkanda, akaelekea mashariki, akayapasua matete, nami nyuma yake nikijipiga makofi. Nguzo tuliikuta imefunikwa na nyasi. Tukapima kutoka hapo, na mkanda ukaisha kabla hatujafika majini. Mbele yetu mchanga mweupe, mpya, dagaa wake wameanikwa mwanzo hadi mwisho.

"Mwaka nilioolewa," alisema, "hapa palikuwa maji ya kiunoni. Mawimbi yanakula kule, mchanga yanauleta huku. Sisi tunahama na vibanda vyetu, kisiwani hatutoki."

Nilirudi na barua mfukoni, nikakiri kwa Bwana Mpima kwamba sikuwahi kuingia kwenye matete. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu, tayari kurudi Kanazi kulima maharage. Aliichana barua, akanipa daftari jipya.

"Bikoni mbili," alisema. "Kila mwaka. Hata mbu wakikubeba."

Mbu walinibeba, na bikoni mbili nilizipima mpaka nikastaafu. Nyinyi vijana mna mitambo inayozungumza na anga. Mimi nina cha kushukuru zaidi: bosi aliyenisamehe, na mama aliyenishikia mkanda.

Nilipokwenda kumuaga Mama Kabula, alikuwa bibi wa mkongojo. Kibanda chake kilikuwa kimehama mara nne, naye bado yumo kisiwani. Nikamfunulia siri: mawimbi nilikuwa nimeyakubali, lakini moyoni, miaka yote hiyo, sikuacha kuamini kwamba uzito wa Lukole nao ulisaidia kidogo. Hakucheka.

"Nilikuwa Ngara kwa dada yangu siku wakimbizi wanaingia," alisema. "Niliwaona, mwanangu. Walikuwa na njaa. Hawakuwa na uzito wowote."