Safu ya Waliopona

Mama Faili alitunza kumbukumbu za hospitali kwa miaka kumi na tisa, na jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dirisha la dawa, rafu mpaka darini, vumbi la kukohoza. Ukimtajia mwaka na ugonjwa, mkono ulikuwa umeshafika kwenye faili.

Asubuhi moja daktari mgeni, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimletea kazi: wapekue rejista za miaka mitatu, wawatafute waliozidiwa na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, wakapona.

"Wako wawili," Mama Faili akasema hapo hapo.

"Walioandikwa hivyo ndio wawili, mama. Tuwatafute walioandikwa vingine. Mtu kameza dawa hizo, anaitwa haitiki, anatikiswa haamki. Pumzi za kuhesabu, au anakoroma kama koo limejaa maji. Midomo imegeuka rangi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huyo kazidiwa, hata kama jioni yake alikunywa chai. Kupona hakufuti kilichotokea."

Wakaanza. *Kazimia. Sukari imeshuka. Kazimia.* Kila wakichomoa faili, dalili zile zile ziliwakodolea macho. Kufika adhuhuri walikuwa na kumi na mmoja.

Kisha kidole cha Mama Faili kikagota kwenye mstari mmoja. *Uchovu. Karuhusiwa.* Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi makochi, mtu wa utani, aliyeweza kusimulia kisa kizima na misumari mdomoni. Kabati lilimwangukia mgongoni, akapewa vidonge vikali. Maumivu yalipokaidi, akajiongezea kimoja, kisha kingine. Mchana mmoja mkewe alimkuta anakoroma sebuleni, akampigia dada yake simu huku anacheka: "Shemeji yako leo kaingiza trekta ndani!" Midomo aliiona ya kijivu, akadhani ni baridi, akamfunika shuka. Alipomtikisa asiamke ndipo roho ilimruka, akaita majirani. Njiani kwenda hospitali, kwa bahati, akazinduka.

Pale mapokezi mumewe alimshika mkono. "Mke wangu, andika uchovu. Wataniita teja."

Akaandika.

Ikatokea tena, wakaficha. Mara ya tatu pumzi zilikatika muda mrefu, ubongo ukakosa hewa, kabla hawajamfikisha kwenye oksijeni. Alirudi nyumbani hai, na watu wakaja kumpa pole na kumshukuru Mungu, lakini nyundo alikuwa anaigeuzageuza mkononi kama kitu cha ugenini.

"Huyu ni wa kumi na mbili," Mama Faili akamwambia daktari.

"Unamfahamu?"

"Mume wangu. Ningeiandika ilivyo siku ile, kuna mtu angeniuliza vidonge anavimezaje." Akaongeza, "Nilimsitiri aibu, mwanangu. Angalia nilikomfikisha."

Daktari akamsogezea kiti. Mama Faili hakuketi. Alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika lililostahili, akatia sahihi.

Jioni alimkuta mumewe kibarazani, shati limefungwa vifungo upande. Akamfungua, akaanza kumfunga upya.

"Dada," mume akasema kwa adabu, "mke wangu hajarudi kazini?"

"Yuko njiani."

Akaketi kando yake, wakamsubiri pamoja.