Zege Chini ya Blanketi

Kila asubuhi, kwenye daraja linalojengwa Namsos, mji wa kaskazini wenye baridi kali, mpima joto huvua glavu, akapenyeza vidole chini ya blanketi lililofunika msingi wa zege jipya linalojipasha joto likiganda, kama mama anayepapasa shingo ya mtoto aliyelazwa nje kwenye kigari, kama ilivyo desturi ya huko. Ndipo asome kipimajoto. Torleiv, msimamizi, hujiuliza vidole vile hutafuta nini.

Siku hiyo alikuja na nyundo, akitaka mbao zinazolishikilia zege zibanduliwe kabla ya theluji.

“Dada, mwanao bado amelala?”

“Ndani nyuzi hamsini na mbili, nje kumi na nne chini ya sifuri. Ukimfunua sasa, baridi itampasua.”

“Mimi mama hakunidekeza hivyo.”

“Ndiyo maana una nyufa usoni.”

Torleiv alicheka, akainama, akapenyeza vidole vyake. Kisha akaifunika vizuri kona ile, akawanong’oneza mafundi wakagonge mbali.