Vidole Vinane Juu ya Kanga

Enzi zetu picha ilipangiwa siku, kama harusi. Watu walikoga, wakajipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, wakasimama wima bila kucheka, maana picha ilikuwa kitu cha kudumu na hakuna aliyetaka kudumu akiwa ameachama mdomo. Nyumbani kwetu Mtinko siku hiyo ilikuja mara moja tu katika utoto wangu wote. Picha yenyewe ninayo bado. Tumo baba na sisi watoto wanne. Mama hayumo. Baadaye alipigwa picha ya kitambulisho, na nyingine mbili tatu kwenye harusi za watu, lakini mpaka hivi karibuni hakukuwa na hata moja aliyopigwa akiwa nasi wote wanne, na sasa macho yake yanafunga. Nimeona niandike ilivyotokea, jambo kwa jambo, na wenzangu wa rika langu watanisahihisha nikikosea.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, kuta za udongo na paa la udongo lililolala bapa juu ya magogo. Aliyekulia Singida haelezwi upepo. Kuanzia Juni, mavuno yakiwa uwanjani, ulibeba vumbi, makapi ya uwele na kofia za watu wazima, na tulikatazwa kuzikimbilia kofia hizo huku tukicheka. Kwa hiyo maisha yetu yote yalihamia upande mmoja wa nyumba, ule usiofikiwa na upepo. Hapo mama alishona vikapu, dada Monika alicheza mdako na wenzake, na mimi na mdogo wangu Ntandu tulifinyanga ng'ombe. Udongo tuliuchukua kwenye kichuguu, maana wa mtoni ulipasuka ukikauka. Ntandu alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja, kila mmoja na jina lake, na jioni aliwahesabu kabla hajakubali kula. Mtoto wa mwisho, Rehema, alikuwa bado anatambaa, na aliwala ng'ombe wawili.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, sahani moja kwa wote. Mlenda una tabia yake: anayepiga soga hulala na njaa. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini tukianza kuinuka inuka wakati wa kula alisema, "Kaeni. Anayekula amesimama ni ng'ombe." Mpaka leo siwezi kula nimesimama, na nikiona vijana wanatembea barabarani na chipsi kwenye mfuko wa nailoni, namsikia baba.

Lakini nilitaka kueleza vikapu. Mama alishona kwa majani makavu aliyoyakusanya pamoja kama kamba nene, akayazungusha kutoka kitovu kwenda nje, na kuyafunga kwa nyuzi za mkonge alizozichemsha na magome ya mti mpaka zikawa nyekundu kama kutu. Sindano ilikuwa ile ya kushonea magunia. Vikapu vingi vilikwenda kwa watu. Kimoja hakikwenda popote. Kilikuwa kikubwa, kilikaa chumbani kwake kikiwa kimefunikwa kwa ungo, na kilikuwa na sheria yake: mtoto aking'oka jino la kwanza, anashona mzunguko mmoja wa kikapu hicho, peke yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama hagusi. Juu ya mzunguko wa mtoto yeye alishona mitatu ya kwake, kisha akasubiri jino lingine. Ukingo hakuufunga kamwe. Alisema kikapu cha nyumba hakifungwi ukingo wakati nyumba bado ina watoto.

Mzunguko wa Monika umenyooka utadhani ulishonwa na mtu mzima, na hilo hajaacha kulitaja. Wangu umelegea. Siku hiyo wenzangu walikuwa wananisubiri na mpira wa matambara, nikashona mishono mirefu ili nimalize upesi. Jioni niliona aibu, nikamwomba mama ruhusa ya kuufumua nirudie.

"Usifumue," alisema. "Hivyo ndivyo ulivyokuwa leo."

Sikumwelewa. Nilidhani ananiadhibu.

Sasa picha. Nyumbani tulikuwa na kipande cha kioo kilichovunjika, kimechomekwa ukutani, kidogo kiasi kwamba kilionyesha jicho moja kwa wakati mmoja. Mama alichana nywele kwa kukisia. Mwaka ambao Rehema alizaliwa, nilimsikia akimwambia baba jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana hakuwa mtu wa kuomba. "Mimi sijawahi kujiona mzima," alisema. "Nataka nijione mzima, nikiwa na watoto."

Mpiga picha alikuwa akija na baiskeli kutoka mjini siku za mnada. Walipatana na mama: kikapu kimoja chenye kifuniko, kile kinachotolewa kwa bibi harusi, kwa picha moja ya familia nzima. Mama alikishona mwezi mzima. Sisi tulijua kinakwenda wapi, tukawa tunakipita kwa mbali kama mtu anavyompita mgeni wa heshima.

Siku ilipofika, mpiga picha alichelewa. Mnadani watu walikuwa wengi, na alipofika kwetu alisema ukweli wake kwamba mkanda umebakiza picha moja tu. Hakuupenda ukuta wetu kwa sababu ya nyufa. Mama akatoa kanga yake mpya, wakaifunga kwenye nguzo mbili za kichanja cha vyombo. Baba akakaa kwenye kigoda, Rehema mapajani, sisi watatu nyuma yake. Pengo la mama liliachwa kulia kwa baba. Nalikumbuka kwa sababu Monika aliambiwa asogee kushoto asilizibe.

Ndipo upepo ukaja. Kamba ya kanga ilikatika, kitambaa kikatufunika vichwa. Mama, akiwa amevaa gauni lake la kanisani, alizunguka nyuma na kuinua kanga kwa mikono yake miwili ili mpiga picha apime. Alimwita jirani yetu Mama Salumu aje ashike badala yake. Mama Salumu alikuwa anakuja. Nilimwona akivuka uwanja, anajifunga kanga kiunoni. Upande wa pili wingu la vumbi nalo lilikuwa linakuja, na Rehema alikuwa ameanza kulia. Mpiga picha aliona Rehema amenyamaza kwa pumzi moja, akabonyeza.

Nyuma ya kanga mama aliuliza, "Nije sasa?"

Mpiga picha alituangalia mmoja mmoja, akatuhesabu kwa macho, kisha akaiangalia kamera yake. "Nilidhani umesharudi, mama," alisema.

Alitaka kurudisha kikapu. Mama alikataa, akasema kazi imefanyika. Mpiga picha aliahidi kuja na mkanda mwingine, na naamini alikusudia hivyo, ila mikanda ilikuwa adimu wakati ule, na baada ya msimu huo hatukumwona tena. Picha ililetwa na mtu mwingine ikiwa imeshasafishwa. Tuliizunguka wote. Baba amekaa kama jiwe, Ntandu amefumba macho, mimi nimetoa kifua. Na juu kabisa, kwenye ukingo wa kanga, kuna vidole. Nilivihesabu siku ile na nimevihesabu mara nyingi tangu hapo: vinane, vinne kila upande.

Mama aliitazama kwa muda. "Vidole vyangu vimetoka vizuri," alisema, na sisi tukaangua kicheko, naye akacheka. Kisha akachukua ungo akaenda kupeta uwele, na alipeta mpaka uwele ukaisha makapi. Miaka mingi nilikumbuka kicheko tu. Kupeta kule nimekuja kukukumbuka nikiwa na watoto wangu.

Mimi ni fundi redio hapa Singida Mjini. Kazi hii sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na redio mbovu na vitabu vya kuazima. Nina binti wa miaka kumi na sita, Neema, na mvulana wa miaka minane, Elia. Neema alikuwa na picha elfu kadhaa kwenye simu yake: uji kabla haujanywewa, kucha, nusu ya uso wake, nusu nyingine ya uso wake. Mwezi wa tano simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, nikajaribu kila ninachokijua, picha hazikurudi. Alilia kama aliyefiwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia kuhusu enzi zetu, kisha nikakumbuka ungo wa mama, nikayaacha. Nilimtafutia simu nyingine iliyotumika.

Juni shule zilipofunga tulikwenda Mtinko. Kwa kawaida wanangu wakifika huko wanamwamkia bibi yao shikamoo na moja kwa moja wanapanda juu ya mwamba kutafuta mtandao, wamekaa kule kama pimbi. Safari hii upepo uliwashinda wakabaki ndani. Elia aliona picha ile ukutani akauliza bibi yuko wapi.

"Huyo hapo juu, mume wangu," mama alimjibu, maana ndivyo anavyomwita. "Huoni vidole vya mkeo?"

Elia alicheka. Neema hakucheka. Alimuuliza bibi kwa nini hakurudia, na mama akaeleza kama nilivyoeleza, kwa maneno machache zaidi. Akaongeza kwamba daktari amemwambia jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linaona asubuhi tu, jua likiwa kali. "Nilitaka nijione mzima nikiwa nao," alisema. "Sasa nikichelewa, hata mkinipiga picha sitaiona."

Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anamenya karanga.

Nilitoka nje nikapanda mwamba wa wanangu, nikawapigia ndugu zangu. Rehema ameolewa palepale Mtinko. Ntandu yuko Dodoma, akasema atapanda basi la alfajiri. Monika ana mgahawa Shelui, anawapikia madereva wa malori, na alisema hawezi kufunga katikati ya wiki. Nikamwambia lile neno la jicho la kulia. Kesho yake mchana aliteremka mbele ya kanisa kutoka kwenye lori la vitunguu, ananuka vitunguu, akamlaumu Ntandu kwa kunenepa kabla hajamsalimia.

Asubuhi iliyofuata tulipanga mambo kama yalivyokuwa. Kanga ile ile ilikuwemo ndani ya kikapu kikubwa, imefifia lakini nzima. Tulikaa walewale, kwa mpangilio uleule, ila kwenye kigoda cha baba, ambaye tulimzika miaka sita iliyopita, alikaa mama. Rehema aliuliza kama na yeye apakatwe, mama akasema jaribu uone. Mimi nilitaka kushika simu nipige. Mama alikataa kata kata. "Leo habaki mtu nje," alisema. Neema akasimamisha simu juu ya kinu, akaiegemeza kwa jiwe, akaitegeshea ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi. Nakiri kwamba hilo enzi zetu hatukuwa nalo.

Kisha upepo ukaja, kwa saa yake. Nguzo za kichanja zilikwishaondoka siku nyingi, kwa hiyo Neema na Elia ndio waliokuwa wamesimama nyuma juu ya viti, kila mmoja na upande wake wa kanga. Kitambaa kilivuma kama turubai. Tuliwasikia wakigombana kule nyuma, Elia akilalamika kwamba vumbi limemwingia puani, Neema akimwambia, "Shika, usiachie, bibi anapigwa picha." Hawakuachia. Simu ikalia. Tukarudia mara ya pili, wao wakiwa wamekaa mbele na kanga ikiachwa iende inakotaka.

Picha zote mbili nilizisafishia mjini, kubwa, na kurudi nazo kabla wiki haijaisha. Mama hakutaka kuzitazama jioni. Alisubiri asubuhi, akatoka mlangoni jua likiwa limepanda, akaisogeza ya kwanza karibu kabisa na jicho la kulia na kuipitisha polepole, kipande kwa kipande, kama alivyokuwa akijitazama kwenye kile kioo. Alituhesabu: Monika, mimi, Ntandu amefumba macho tena, Rehema. Alipofika katikati alikaa hapo muda mrefu.

"Kumbe ninafanana na mama," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Nimejiona mzima."

Halafu ukucha wake ulipanda juu, kwenye ukingo wa kanga, ukaanza kugonga: kimoja, viwili, vitatu. Vilikuwa vinane, vinne vya Neema na vinne vya Elia, kila mmoja ameshika pembe yake kwa mkono mmoja. Ya pili aliisifu pia, lakini ya kutundika ukutani alichagua hiyo ya kwanza.

Siku hiyo hiyo alitoa kikapu kikubwa akampa Neema sindano, Elia angoje zamu yake. Jino la kwanza la Neema lilikwishang'oka zamani, ila ukingo ulikuwa bado haujafungwa. Alishona huku anachungulia simu, na mzunguko wake ulilegea. Alipouona aliomba afumue.

"Uache hivyo hivyo, mke mwenza," mama alisema. Alifumba macho, hata lile la kulia, akapitisha kidole kutoka chini kwenda juu, akitutaja kila alipotugusa: Monika, Ntandu, Rehema. Kwangu alitua kidogo. Alipofika juu alitua tena, akarudi chini kwangu, akapanda tena kwa Neema.

"Huyu ni mtoto wako kweli," aliniambia.

Enzi zetu tulikuwa na picha moja, na ilikosea. Wanangu wanazo elfu, na zinaweza kuzama kwenye ndoo. Natamani wangeijua ile siku ya kusubiri, magoti yaking'aa mafuta, wingu la vumbi likija. Lakini niliwasikia nyuma ya kanga, na hawakuachia. Ukingo wa kikapu bado uko wazi.