Ukuta wa Upande wa Dada

Tangu kimbunga kipite, Losaline alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na wala hakujiombea mwenyewe. Aliomba Havili, ndugu yake, apate mlango wa kufunga kabla ya pepo baridi za Juni.

Havili alikuwa na kifua. Zamani walikuwa na nyumba mbili kwenye kiwanja cha baba yao, ya Havili upande wa barabara na ya Losaline upande wa bahari, na katikati mshelisheli mkubwa. Upepo ulizibeba zote mbili asubuhi moja, mshelisheli ukabaki. Losaline, mjane asiyejaliwa mtoto, akapata nafasi katika turubai la wanawake kando ya kanisa. Havili, naye mkewe alishatangulia mbele ya haki, akawa analala katika banda la jiko la jirani, moshi kichwani, umande miguuni. Banda halikuwa mbali na turubai. Kila alfajiri Losaline alimsikia akikohoa mpaka anaishiwa pumzi, akawa anasubiri aisikie pumzi ile ikirudi ndipo aanze sala zake.

Kwenda kumtazama hakuweza. Pale Lotovai, kijiji chao, na katika visiwa vyote vya Tonga, kaka na dada wakishakua hawalali tena chini ya paa moja. Kaka hakanyagi anapolala dada yake, wala dada anapolala kaka yake. Wakiwa wamekaa mahali pamoja, watu huacha mizaha, na wakiwa na neno zito la kuambiana hupitisha kwa mtu wa tatu. Ni heshima, kama ile ya mtu na mkwewe.

Mtu wao wa tatu alikuwa Vaimoana, dada wa marehemu mke wa Havili, mwanamke mnene, mcheshi, aliyewahi kufanya kazi ya kuchuma matunda Nyuzilandi na kurudi na Kiingereza cha kutosha. Havili alikuwa shemeji yake, na Losaline alimwita wifi.

Mwezi wa Mei wajenzi wa kujitolea wakaja, watu kumi na wawili wa kanisa moja huko Nyuzilandi. Walishusha mbao, mabati na misumari kutoka kwenye meli, wakasema wana wiki tatu na nyumba sita. Kiongozi wao alikuwa Mzee Grant, fundi seremala mstaafu mwenye masikio mekundu kwa jua, asiyepiga nyundo kabla ya kuomba. Kijiji kikawapokea kama inavyopasa. Wanawake walijigawia zamu za kupika, na wageni wakala viazi vikuu vilivyokuwa vimewekwa kwa mbegu, na kuku wa mwisho waliopona. Wenyewe walikula baadaye, kilichobaki. Losaline alikuwa na zamu tatu kwa wiki. Alifunga nyama ya kopo na tui katika majani ya magimbi, akafukia katika tanuri la ardhini, na alipokuwa akifukua alimtazama Mzee Grant akila akasema moyoni, kula baba, nguvu hizo zifike kwa ndugu yangu.

Vilipopigwa vigingi vinne vya msingi kwenye kiwanja chao alifurahi. Akahesabu hatua kwa macho, akaona nyumba ni kubwa kuliko alivyotarajia. Akadhani hiyo ni yake, na ya Havili itafuata.

Siku ya tatu Vaimoana akamjia kwenye tanuri, anacheka peke yake.

"Wifi, hongera. Nasikia umeolewa."

"Na nani tena, uzee huu?"

"Na shemeji yangu. Imeandikwa kwenye karatasi ya wazungu."

Halafu akaacha kucheka, akachutama, akaeleza. Maikolo, mkuu wa kijiji, alipopeleka majina ya waliokosa makazi aliandika kwa kiwanja kile watu wazima wawili, mwanamume na mwanamke, jina moja la ukoo. Huko yalikokwenda waliosoma wakaona mume na mke. Nyumba ni moja. Ina vyumba viwili na paa moja, na mbao zilizobaki ni za watu wengine.

Losaline aliendelea kufukua mawe ya moto. Mkono mmoja uliungua asijue mpaka jioni.

Maikolo alipoulizwa alisema mgeni hakosolewi. Watu wameacha kazi zao, wamevuka bahari, leo tuwaambie mmekosea? Tuipokee nyumba kwa shukrani, wakishaondoka tutaona. Naye Havili akaleta neno kupitia kwa Vaimoana: "Mwambie dada yangu nyumba ni yake. Mimi banda linanitosha, moto upo." Lilikuwa neno la kaka mwenye adabu, na Losaline alijua Havili angekufa nalo.

Siku kumi nyingine zikapita hivyo. Kuta zikapanda, kenchi za paa zikapanda, kila pigo la nyundo watu wa Lotovai wakitabasamu na kupeleka madafu. Losaline alifunga siku mbili bila kula. Aliomba apewe kunyamaza kwa amani kama wenzake, na hakupewa.

Nyumba ilipokamilika, zikiwa zimebaki siku nne wageni waondoke, pakawa na ibada ya kuiweka wakfu. Mchungaji aliomba, watoto waliimba. Losaline alisimama na wanawake, amevaa mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la Kitonga, na Havili kule mbali na wanaume, akibana kikohozi kwa kiganja. Ndipo Mzee Grant, kwa moyo safi kabisa, akaenda akamshika Havili mkono, akamleta, akamsimamisha kando ya Losaline mbele ya mlango. Akawavika mashada ya maua, moja huyu, moja huyu. Kijana mmoja akainua kamera. Mzee Grant akaona wamesimama mbalimbali mno, akacheka kwa upole, akauchukua mkono wa Havili na kuuweka juu ya bega la dada yake.

Wimbo ulikatika. Wanawake waliinamisha nyuso, na mama mmoja akawageuza wanawe wasitazame. Havili hakuthubutu kuutoa mkono, kwa kuwa mgeni ndiye aliyeuweka, wala hakuthubutu kuuacha. Mara ya mwisho mkono ule kumgusa Losaline, Havili alikuwa mtoto anayefundishwa kuogelea.

Akajitenga taratibu, akamwita Vaimoana.

"Mwambie mzee, huyu si mume wangu. Tumetoka tumbo moja."

Vaimoana alimtazama Maikolo. Maikolo alitikisa kichwa, la.

"Mwambie," Losaline akasema tena. "Mwambie kwetu ndugu hawa wawili paa moja haliwafuniki. Nyumba ni nzuri, na Mungu ameiona kazi yao. Lakini nikiingia mimi, huyu atalala nje, na kifua chake hakifiki Krismasi. Mwambie na hili pia, usiliruke: hawakukosea wao. Sisi tulijua, tukawalisha, tukanyamaza. Dhambi hiyo ni yetu."

Vaimoana akatafsiri. Mzee Grant alivua kofia. Uso ulimwiva kuliko masikio. Alikaa kwenye kizingiti kipya. Kisha akauliza siku zote hizi, wakati anakula chakula cha Losaline, kwa nini yeye hakumwambia.

"Kwa sababu ulikuwa unakula," Losaline akajibu.

Mzee akainama, akafikicha macho. Alipoinuka aliigonga nyumba ukutani hapa na pale kwa kidole, akamwambia Vaimoana amuulize mama huyu anataka ikatwe wapi.

Waliikata siku hiyo hiyo. Wale wageni waliipasua kwa msumeno nyumba waliyotoka kuiombea, kati ya chumba na chumba, na wanaume wa kijiji, walioanza kwa kusimama kando wakiona haya, wakaja mmoja mmoja kushika mbao. Nusu moja waliiburuta juu ya magogo ya minazi mpaka upande wa pili wa mshelisheli. Mbao hazikutosha. Mbao za baraza, ya mbele na ya nyuma, zilikwenda kuziba kuta, na ukuta wa Havili unaoelekea kwa dada yake ulifungwa kwa mbao kuukuu zilizookotwa pwani, zenye nyufa. Mbao za Losaline zilipungua, akakosa dari. Ila kila mmoja alikuwa na paa lake na mlango wake. Maikolo hakumsemesha Losaline mpaka Septemba, naye Losaline hakumlaumu.

Usiku wa kwanza Losaline alikisikia kikohozi cha Havili kutoka ng'ambo ya mti. Na wa pili. Wiki ya tatu kikapungua, halafu kikanyamaza kabisa. Alipiga magoti sakafuni akalia kwa furaha. Kuanzia hapo kila alfajiri, kabla ya ombi lingine lolote, alimshukuru Mungu kwa ukimya ule. Havili naye kila mavuno alimletea Vaimoana kiazi kikuu cha kwanza, kikubwa kuliko vyote. "Mpelekee dada yangu," anasema, na Vaimoana analalamika kwamba mgongo wake si mkokoteni.

Wakaishi hivyo miaka miwili. Julai moja asubuhi Vaimoana alikuja mikono mitupu, na Losaline akajua kabla hajaambiwa.

Siku ya msiba mahali pa dada ni kichwani pa kaka yake. Losaline alivaa, akavuka chini ya mshelisheli, akaingia kwa mara ya kwanza katika chumba alichokiombea. Kilikuwa kidogo, kimefagiwa. Shada la ile siku lilining'inia msumarini, limebaki uzi na vumbi. Akaketi kwenye mkeka kichwani pake, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akainua macho.

Ukuta ule wa mbao za pwani, ulioelekea kwake, haukuonekana. Kuanzia sakafuni hadi kwenye bati Havili alikuwa ameuziba. Kila ufa ulikuwa umeshindiliwa makumbi ya nazi kwa ncha ya kisu, na juu yake amepigilia mikeka chakavu, tabaka juu ya tabaka, mingine imeshonewa na magunia. Kuta tatu nyingine aliziacha kama zilivyo, na upepo ulikuwa unapita.

Vaimoana aliketi kando yake, akasema kwa sauti ya chini, "Alinikataza nisikuambie bado anakohoa, wifi. Alisema dada yangu ameniombea sana, acha apumzike."

Baadaye wanawake walipokuja kukitayarisha chumba kwa ajili ya watu, mmoja alishika ncha ya mkeka wa ukuta ule ili aung'oe, pawe pasafi. Losaline aliinua mkono.

"Uacheni," akasema. Akaurudisha mkono wake kwenye paji la uso la ndugu yake, ukakaa hapo mpaka mchungaji alipofika.