Nilivyokataa Kupigiwa Windo Upya

Fundi kompyuta wa mtaani kwetu Usagara ana dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga windo upya, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows mpya. Kompyuta nzito, anapiga windo. Printa haitoi karatasi, anapiga windo. Kwa hiyo ilipokufa mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya kompyuta yangu ya kazini, imeliwa na chumvi ya upepo wa bahari mpaka imeota ukijani, nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Alisema nikipata mazabodi nyingine, prosesa, ramu na diski vitatumika vilevile, ila windo lazima aipige upya.

Nikakataa. Mimi nadarizi kanzu, na programu inayochora maua ya mashine yangu ya kudarizi niliwekewa siku mashine ilipoletwa. CD yake ilishapotea, na aliyeniuzia hapatikani tena. Programu ikifutwa, maua ya mama yangu yanabaki mafaili yasiyofunguka. Mama aliyachora kwa penseli miaka na miaka, nami nikayaingiza moja moja. Karatasi zenyewe zimeliwa na mchwa, na presha ya macho imemwachia kiza, hawezi kuchora tena. Sikuthubutu hata kumwambia kwamba kompyuta imekufa.

"Mama, haya si mambo ya sindano," fundi akaniambia huku anacheka.

Hapo ndipo aliponikosea. Nikatafuta mazabodi ya aina ileile, iliyotumika, na Ijumaa baada ya swala nikafunga duka nikaanza kazi mwenyewe.

Kabla ya kuchomoa chochote nilipiga picha kwa simu, kisha kila waya nikaufunga kipande cha uzi wa rangi yake, nisije nikachanganya. Nikapaka prosesa dawa yake ya kupitisha joto, nikarudisha ramu, feni na diski, nikakaza skrubu. Nikawasha. Ikawaka, nikahesabu moja mpaka nne, ikazima. Nikachomoa umeme, nikachomeka tena. Hivyo hivyo, kana kwamba kuna mtu kaishikilia swichi mpaka izime. Nikampigia fundi, naye bila haya akaniambia huenda ni windo.

Nikachukua tochi na miwani yangu ya kutungia uzi. Waya wa swichi nilikuwa nimeufunga kwa uzi wa zari, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono, na ncha ya uzi huo ilikuwa imelala juu ya vijino viwili vya swichi, ikaviunganisha. Zari ile ina madini, inapitisha umeme. Aliyeishikilia swichi ni mimi. Nilijitukana kwa Kidigo, maana Kiswahili hakikutosha, nikautoa kwa kibanio.

Safari hii ikawaka ikabaki. Windo ileile ya zamani ikasema inaandaa vifaa, ikajizima mara moja, ikarudi. Nikafungua programu, maua yote yapo. Nilitembea dukani peke yangu kwa maringo ya bwana harusi, na sioni aibu kusema kwamba mpaka leo najivuna.

Jioni nilimpelekea mama kipande cha shingo ya kanzu kilichotoka kwenye mashine. Nikamwamkia, nikamwekea mkononi bila maelezo. Akapitisha kidole gumba polepole, jani kwa jani, kikasimama penye kona.

"Hili langu," akasema. "Hapa mkono uliniteleza, jani likapinda. Hukulinyoosha?"

Nikamwambia sikulinyoosha.