Jiwe la Dokta Panga

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Makasi alisimama kando ya meza ya upasuaji akimpokeza bosi wake visu, koleo na pamba, na katika miaka yote hiyo hakupata kuona mtu anayejipenda kama yeye. Bosi huyo alikuwa daktari bingwa wa figo na njia ya mkojo. Mbele yake watu walimwita Profesa, ingawa huo uprofesa hakuna aliyejua aliupatia wapi. Akishapinda kona ya korido, aliitwa Dokta Panga.

Jina hilo alilichuma kwa mikono yake mwenyewe. Mgonjwa akija na jiwe kwenye figo, liwe kubwa kama yai la njiwa au dogo kama punje ya harage, tiba ilikuwa ile ile: alazwe ubavu, apasuliwe kuanzia mgongoni hadi karibu na kitovu, jiwe litolewe, kisha Panga aliinue kwenye taa kama mtu aliyetwaa kombe.

"Operesheni ni kuona," aliwaambia wanafunzi. "Usichokiona kwa macho yako, hujakitibu."

Wanafunzi waliandika. Mama Makasi alibetua midomo nyuma ya barakoa. Barakoa ni kitu kizuri sana. Imemwokoa na kufukuzwa kazi mara nyingi.

Maana aliyekutana na wagonjwa baadaye ni yeye. Jirani yake mmoja, mwashi, mwanamume wa miraba minne, alitolewa kijiwe cha milimita nane. Kijiwe kilitoka, hilo halina ubishi. Lakini kidonda kilichukua wiki sita kufunga, misuli ikalegea, ubavu ukatuna kama mto wa kulalia. Tofali hakuliinua tena.

"Dada," alimwuliza Mama Makasi uani, "walinitoa jiwe au walinitoa mbavu?"

Ndipo akaja daktari mpya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ametoka masomoni. Katika kikao cha Jumatatu alisimama akaeleza, bila madaha, kwamba mawe hayatolewi yote kwa njia moja. Jiwe dogo lililokaa pazuri huvunjwa kwa mawimbi ya sauti kutoka nje ya mwili, mtu hakatwi popote. Ila likiwa gumu mawimbi hushindwa, na vipande mgonjwa hana budi kuvikojoa mwenyewe. Lililokwama kwenye mrija wa mkojo hufuatwa na darubini nyembamba kwa njia ile ile ya mkojo, likasagwa kwa mwanga wa leza. Lile kubwa kweli kweli hutolewa kwa tundu la upana wa kidole mgongoni, na hapo damu ya kumwongezea mgonjwa iwe tayari, kwa sababu figo huvuja.

"Na kupasua wazi?" Panga aliuliza.

"Kupo, Profesa. Kwa wachache, njia nyingine zikishindikana."

Panga akacheka mpaka kiti kikalia. "Huu si utabibu, ni kuchokonoa! Karibu sana, Dokta Sindano."

Jina likaganda. Mashine zake za mawimbi na leza zikapewa stoo isiyo na dirisha, karibu na mabeseni mabovu, na siku moja tu kwa wiki. Waliotibiwa humo walirudi nyumbani kesho yake kwa miguu yao. Panga alisema ni bahati.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja, katikati ya kuzungukia wodi, Panga alishika kiuno ghafla, jasho likamtiririka. Akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa, mgonjwa mwenyewe akasogea kumpisha. Picha ikaonyesha jiwe la milimita kumi na moja, limekwama kwenye mrija wa kushoto.

Mama Makasi alimkuta amejikunja kama kamba. Akauliza kwa adabu zote:

"Profesa, niandae seti kubwa? Visu viko vikali."

"Una wazimu, mama? Niitie Sindano!"

Sindano akaja. Mzee wa kuona kwa macho sasa hakutaka kuona chochote. Alitaka mawimbi, tena muda ule ule, maana kuingizwa darubini kwenye njia ya mkojo ni aibu. Sindano akamwambia jiwe lake ni gumu, mawimbi yatamchosha bure. "Na kabla ya yote, Profesa, tupime mkojo."

"Hayo ni ya wagonjwa!"

Mama Makasi akamtolea kikopo. "Kwani wewe leo ni nani?"

Akakojoa kikoponi kama binadamu wengine. Mkojo ulijaa usaha, na jioni homa ikapanda. Kama Sindano angemtii akalisaga jiwe siku ile, maji ya darubini yangesukuma wadudu wote kwenye damu, na hospitali ingechanga sanda. Badala yake alimwekea kimrija cha kupitisha mkojo, kwa njia ile ile ya aibu, akamlaza kwa dawa. Siku ya kumi na mbili, mkojo ukiwa safi, akamrudisha mezani. Dakika arobaini. Mama Makasi aliliona jiwe kwenye skrini likigeuka vumbi. Kesho yake Panga alitembea hadi kwenye gari lake, hana hata plasta.

Asante? Aliisema kwa mkewe, kuhusu supu.

Wiki tatu baadaye, kwenye kikao cha Jumatatu, alisimama na picha ukutani. "Katika uzoefu wangu wa muda mrefu na leza," akaanza. Mama Makasi akakohoa. Dokta Sindano aliinamia daftari lake, mabega yakimtikisika.

Mwezi ule ule mashine zikahamishiwa chumba chenye madirisha mawili, zikapewa siku nne kwa wiki. Wagonjwa walikuwa wameumia miaka na miaka, hakuna karatasi iliyosainiwa. Mkubwa alipokojoa usaha, kalamu ikapatikana.

Siku hizi kupasua wazi hutokea mara mbili au tatu kwa mwaka, na anayeamua ni Sindano. Kisu humpa Panga. Naye hupasua vizuri, haki yake apewe, kisha humsimulia kila anayesimama jinsi alivyoileta leza hospitalini.